Jinsi ya kunasa stesheni za AM za mbali usiku: chagua namba moja ukae nayo

Kama una redio yoyote yenye AM, hata ile ya zamani ambayo swichi yake ya AM haijaguswa miaka, basi vifaa unavyo tayari, kilichobaki ni kusubiri jua lizame. Mchana ukiizungusha utakuta stesheni mbili tatu za karibu na kwingine kote ni mvumo mtupu. Sasa rudi hapo hapo saa moja na nusu usiku, redio ile ile, hujaongeza kitu, utakuta pale palipokuwa kimya watu wanaongea lugha tatu kwa wakati mmoja, huyu anasoma habari, yule kaweka muziki, mwingine anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Hao wako mamia ya kilomita kutoka ulipokaa na wengine maelfu. Mi jioni zangu nyingi zinaishia hapa na nataka nikuelekeze namna ya kuanza, ila kuna kitu kimoja ntakuambia kabla ya vyote: acha kuzungusha zungusha. Chagua namba moja ya masafa kwenye redio ukae nayo.

Sababu iko angani. Huko juu kuna tabaka za hewa ambazo jua linazichaji. Ya chini kabisa inaitwa tabaka D, iko kama kilomita 60 mpaka 90 kutoka ardhini, na mchana hiyo inameza mawimbi ya AM yanayopanda, kwa hiyo unachosikia mchana ni yale yanayotambaa juu ya ardhi tu. Jua likizama tabaka D inaisha nguvu haraka, mawimbi yanapita mpaka tabaka za juu zaidi, kuanzia kilomita 100 hivi mpaka 300, yanarudishwa chini mbali kabisa na mnara yalikotoka, na yakigonga ardhi au bahari yanaweza kupanda tena na kurudi tena. Mwaka 1924 mwanafizikia Mwingereza Edward Appleton alitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth kuthibitisha kwamba kweli huko juu kuna kitu kinarudisha mawimbi, na 1947 akapewa Nobel. Sasa hizo tabaka hazitulii hata kidogo, zinapanda zinashuka usiku kucha, ndo maana stesheni ya mbali inajaa inapotea inajaa tena, dakika hii sauti imejaa chumba kizima na dakika ijayo hamna kitu. Ukipita kwenye namba yake ikiwa imezama utasema hapa hapana mtu ukaendelea mbele, na ungekaa dakika nne tu angekusalimia.

Kingine ni kwamba namba moja inagawanwa na stesheni nyingi duniani. Zinapokezana. Hii ikizama ile inaibuka, na ukikaa nusu saa kwenye namba moja unaweza kuwasikia watatu wanne kwa zamu bila kugusa kitu. Anayezungusha hawezi kulijua hilo hata siku moja.

Haya, redio yenyewe. Ule mkuki unaovutwa juu ni wa FM, na wa mawimbi mafupi kama redio yako inayo, kwa AM kwenye redio karibu zote ndogo hausaidii chochote, kwa hiyo acha kuuvuta na kuuelekeza dirishani. Antena ya AM iko ndani, ni kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mara nyingi kimelala kwa urefu wa redio sehemu ya juu. Kijiti hicho kinasikia vizuri kwa ubavu na ni kiziwi kwenye ncha zake mbili. Hapo ndipo ilipo siri kubwa ya mchezo huu na watu wengi wamemiliki redio miaka ishirini hawaijui: redio yenyewe ndo antena, na unailenga kwa kuigeuza.

Jaribu hivi. Weka redio mezani, tafuta stesheni ya karibu yenye nguvu mchana, alafu igeuze redio taratibu kama mkono wa saa. Utafika mahali sauti inafifia ghafla, na hapo hapo ukiigeuza kidogo tu inarudi. Mahali inapofifia ndipo ncha ya kijiti inapoelekea kwenye mnara. Kusikia vizuri ni eneo pana, unaweza kukosea kidogo ukasikia vile vile, lakini uziwi ni mwembamba sana, ni wa nyuzi chache, ndo maana tunautumia zaidi kuua kuliko kuvuta. Yaani hugeuzi redio ili upate stesheni unayoitaka, unaigeuza ili umnyamazishe aliyekaa juu yake.

Kuna usiku nilikuwa nimekaa kwenye namba ambayo ina stesheni ya karibu, ile ambayo ukiwasha tu inakupigia kelele, mtu wa kawaida asingepoteza muda hapo. Nikaigeuza redio, ikafifia, nikaisogeza tena upana wa kidole, ikazama kabisa ikabaki kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Haikutosha, nikainua upande mmoja wa redio nikaingiza kitabu chini ili ilale kwa mshazari, na hapo chini ya ile ya karibu ikatokea sauti ya mwanamke anasoma taarifa kwa Kiarabu, taratibu, wazi, kama vile alikuwepo siku zote ananisubiri ninyamazishe huyu. Na kweli alikuwepo siku zote. Tangu hapo sijawahi kuiita namba yoyote kuwa imejaa.

Ila jua kwamba ujanja huu unafanya kazi vizuri zaidi kwa stesheni za karibu zinazokuja kwa kutambaa ardhini, maana zinatoka upande mmoja usiobadilika. Zile za mbali zinazoshuka kutoka juu zinabadilisha pembe kila wakati, ukiiua inafufuka baada ya dakika, kwa hiyo kama wote wawili wanatoka mbali itabidi uwe unageuza kidogo kidogo muda wote. Mkono unazoea.

Adui mkubwa siku hizi hata sio stesheni nyingine, ni nyumba yako mwenyewe. Chaja za simu, taa za LED za bei rahisi, adapta ya kompyuta, televisheni, mashine ya intaneti, vyote hivyo vinatoa mkoromo unaofunika AM yote. Tumia betri, usichomeke redio ukutani. Alafu fanya huu mzunguko mara moja tu na utakusaidia miaka: weka redio kwenye namba tupu, ongeza sauti, tembea nayo chumba kwa chumba ukiisogeza karibu na kila kitu kilichochomekwa. Utaisikia yenyewe inavyopiga kelele ikimkaribia mkosaji. Chomoa, sikiliza, endelea. Mi niliwahi kuhangaika wiki nzima na mlio fulani kama wa nyuki nikilaumu kila kitu kumbe ni chaja moja ndogo iliyokuwa imechomekwa nyuma ya kabati haina hata simu. Ukimaliza vya kwako vyote na bado kuna kelele basi inatoka kwa majirani au kwenye nyaya za mtaa, hapo toka nje. Hata mita kumi kutoka kwenye ukuta wa nyumba zinaleta tofauti kubwa, na kama unaweza kufika ufukweni usiku nenda, maji ya chumvi yanabeba AM vizuri kuliko ardhi yoyote na stesheni za ng'ambo ya bahari zinakuja kana kwamba mtu kafungua mlango.

Mkoromo wa radi ni kitu kingine, ule wa paa, paa, kama kitambaa kinachanwa. Huo unaweza kutoka mvua iliyo mbali sana na hauna dawa, vumilia au lala. Lakini kama radi iko karibu na una waya wowote wa antena nje, uchomoe na uache kabisa kusikiliza. Na waya wa nje usipite hata karibu na nyaya za umeme, wala juu wala chini yake.

Tuje kwenye namba. Afrika, Ulaya na Asia stesheni za AM zimepangwa kila baada ya kHz 9, kuanzia 531 mpaka 1602, huo mpango ulikubaliwa Geneva mwaka 1975 na kuanza kutumika 1978. Mabara ya Amerika wao wanaenda kwa kumi kumi, kuanzia 530 au 540 mpaka 1700. Sasa kuna kitu kizuri hapa, namba zote za mpango wetu wa tisa zinagawanyika kwa 9, kwa hiyo ukijumlisha tarakimu zake lazima upate 9 au 18 au 27. 693 ni 6 na 9 na 3, jumla 18, sawa, hiyo ni halali. 700 jumla ni 7, hiyo sio ya huku, ni ya Amerika. Mi nafanya hiyo hesabu kichwani kila mara redio ya dijitali inaponionyesha namba nisiyoielewa. Na kama redio yako ya dijitali inaruka namba vibaya na kila stesheni inasikika imepinda, angalia kama ina sehemu ya kuchagua 9 au 10, huenda imewekwa ya upande mwingine. Zile namba zinazogawanyika kwa 90, yaani 540, 630, 720, 810 na kuendelea, zinatumika pande zote mbili, kwingine kote stesheni ya Amerika inakaa katikati ya mbili za huku na utasikia mluzi mwembamba kabla hata hujasikia sauti. Mluzi huo usiudharau. Unakuambia mtu yupo, bado hajapata nguvu tu, kaa hapo.

Muda wa kusikiliza nao una mpangilio wake na ukiuelewa hautakuwa unabahatisha. Ili mawimbi yasafiri, giza linatakiwa lifunike njia nzima kati yako na mnara. Kwa walio mashariki yako jua linazama mapema kuliko kwako, kwa hiyo jioni wa kwanza kufika ni stesheni za mashariki yako, wakati mwingine hata kabla kwako hakujawa giza kabisa, kisha za kaskazini na kusini, na za magharibi zinakuja baadaye kabisa usiku umeshaiva. Ile nusu saa kabla na baada ya jua kuzama ni tamu sana, kuna stesheni zinapanda kwa nguvu dakika kumi tu alafu huzisikii tena mpaka kesho. Kwahiyo usianze saa nne usiku ukidhani umewahi.

Marekani wana kitu cha ziada, stesheni nyingi zinatakiwa kupunguza nguvu au kuzima kabisa jua likizama ili zisivurugane, na kiwango cha juu kabisa ni kilowati 50. Zenye kilowati 50 usiku kucha, kama WSM ya Nashville kwenye 650, zinasikika majimbo mengi sana. Na zamani WLW ya Cincinnati kwenye 700, hiyo mwaka 1934 ilipandishwa mpaka kilowati 500, na mpaka leo hakuna stesheni ya biashara ya AM kule iliyopewa tena nguvu hiyo.

Haya umekaa kwenye namba, umenyamazisha jirani, unasikia sauti. Utajuaje ni nani? Hapa ndo nakuwa mkali kidogo. Usiandike jina la stesheni kwa sababu orodha ya mtandaoni inasema iko kwenye namba hiyo. Orodha inakupa wa kushuku, haikupi jibu. Jibu ni wewe kusikia jina lake likitajwa, na wakati mzuri wa kulisikia ni saa kamili, stesheni nyingi zinajitaja hapo, zinapiga wimbo wao au milio ya saa kabla ya habari. Zile pip sita za BBC kwa mfano zipo tangu Februari 1924 na ya mwisho ni ndefu kuliko nyingine, ukizisikia huwezi kuzisahau. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, ikifika dakika mbili kabla ya saa mikono inatoka kwenye redio, chochote kilichopo hapo kinabaki hapo mpaka dakika tatu baada ya saa, hata kama ni mkoromo mtupu. Mara ngapi nimeona mtu kakaa dakika arobaini na sauti nzuri alafu saa kamili inafika anahama namba kuangalia kwingine, inauma kweli.

Tumia eafoni. Spika ndogo inaficha sauti iliyo chini ya sauti. Na rekodi kwa simu, ila simu iwe mbali na redio kidogo maana nayo inatoa kelele, kesho asubuhi ukisikiliza akili imetulia unasikia jina ambalo usiku lilikupita.

Daftari liwe karibu. Andika tarehe, saa kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima, ili ulinganishe na watu wa kokote, namba, lugha, na ulichosikia hasa, sio "muziki" bali "wimbo wa gitaa, mwanaume anaimba, baadaye mtangazaji mwanamke akataja hali ya hewa". Andika na redio ilikuwa imeelekea wapi, hii watu hawaandiki na ndiyo inayokusaidia kuirudia kesho.

Kuna mtego mmoja lazima nikuambie maana ulinidanganya. Redio nyingi huko ndani zinageuza kila stesheni iwe masafa yale yale ya kHz 455, na kwa sababu hiyo stesheni yenye nguvu ya karibu inaweza kujitokeza mara ya pili kHz 910 chini ya mahali pake. Iliyoko 1512 unaikuta inaongea kwenye 602. Nilifurahi nikaandika daftarini nimepata kitu kipya kabisa, kumbe ni ile ile ya kila siku. Sasa kabla sijashangilia sauti ya chini ya 700 najumlisha 910 nikasikilize kule juu, kama maneno ni yale yale basi ni kivuli.

Ukishazoea na ukataka zaidi usikimbilie kununua redio kubwa, tengeneza kwanza antena ya fremu. Chukua mbao mbili uzifunge msalaba, upate mraba wenye ubavu wa sentimita 60 hivi, uzungushie waya wa kawaida wenye ganda raundi 12 mpaka 14, ni kama mita 30 na kidogo za waya, raundi zisipandane zikae sambamba zimeachana kidogo. Ncha mbili za waya zifunge kwenye kapasita ya kuzungusha, ile yenye mabati yanayoingiliana, ya pikofaradi 365 hivi, inapatikana ndani ya redio mbovu za zamani. Basi, imeisha. Haina umeme, haina betri, na haiungwi na redio kwa waya wowote. Iweke redio pembeni yake au katikati yake, kijiti cha ndani kielekee sawa na unavyopita katikati ya fremu, tafuta stesheni dhaifu, alafu zungusha kapasita taratibu sana. Kuna mahali sauti inaruka juu kwa ghafla, mara ya kwanza utarudisha mkono kwa mshtuko. Ukiona haishuki mpaka namba za chini kama 540 ongeza raundi moja, ikigoma kufika 1600 punguza moja. Nayo unaigeuza kama redio, ikiwa na uziwi wake mkali zaidi.

Kama unapoishi kelele haiishi hata ufanyeje, unaweza kuonja kwanza kupitia redio za mtandaoni zinazoongozwa kwa kivinjari, kama ile ya Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi, unaona mawimbi yote yamechorwa kama maporomoko na unabonyeza unasikiliza. Nzuri kwa kujifunza masikio. Ila huko unasikia anga la Uholanzi, sio lako.

Ukisikia stesheni vizuri waandikie. Waambie tarehe, saa ya UTC, namba, na maelezo ya vipindi ya kama nusu saa, na ubora wa sauti kwa SINPO, hizo ni tarakimu tano kila moja 1 mpaka 5, kwa nguvu, muingiliano, kelele, kufifia na hali ya jumla. 5 ni safi kabisa. Usiwapambe kwa kuandika 55555 kama haikuwa hivyo, fundi wao anataka ukweli. Baadhi wanakujibu kwa kadi ya uthibitisho, tunaziita QSL.

Kuna usiku utakaa na hakutakuwa na kitu na sio kosa lako. Jua likitibuka sumaku ya dunia inatikisika, na kile kipimo kinachoitwa K kikifika 5 hiyo tayari ni dhoruba, stesheni ambazo njia yake inapita karibu na ncha za dunia zinapotea kabisa, na wakati mwingine za upande wa ikweta ndo zinajitokeza nafasi hiyo. Angalia kipimo, kikiwa 0 au 1 siku mbili tatu mfululizo usilale mapema. Na minara inapungua, Deutschlandfunk ya Ujerumani ilizima mitambo yake ya AM mwisho wa 2015 na wengine wamefuata, inasikitisha kwa kweli, lakini kila namba iliyoachwa wazi inamfunua mtu mdogo aliyekuwa amefunikwa miaka yote, kwa hiyo rudi kwenye namba ulizozifuta daftarini.

Na siku moja moja weka alamu uamke saa kumi na moja alfajiri. Kunapokucha mambo yanageuka, za mashariki zinaondoka kwanza maana kwao jua limeshatoka, zinafuata nyingine, na mwisho zinabaki za magharibi peke yake, huko bado ni usiku, namba zimepungua watu, na ile sauti uliyokuwa unaisikia chini ya wenzake jioni sasa iko peke yake. Chagua namba yake moja kabla hujalala, acha redio imeelekea huko huko, ukiamka usiiguse, washa tu.